Joto la kukoma hedhi linaninyima usingizi, nami niliwahi kuganda damu mguuni

Kwako Daktari Mshauri,

Salaam, na pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ujiji, Kigoma, na nina umri wa miaka 51. Hedhi yangu ilikoma zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na tangu wakati huo ninaandamwa na joto linalopanda ghafla kutoka kifuani hadi shingoni na usoni huku moyo ukienda mbio. Kisha hufuata jasho jingi, na likikauka nahisi baridi kama mtu aliyetoka ziwani upepo ukivuma. Kila kipindi huisha baada ya dakika chache, lakini hurudi tena na tena, na usiku ndipo kinaponitesa zaidi.

Hapa kwetu mtu akitoka jasho usiku na kutetemeka, watu husema ni malaria, wala siwalaumu, kwani ugonjwa huo tunao kwa wingi. Nimepimwa zaidi ya mara moja bila kukutwa na vimelea, na hata hivyo muuzaji wa duka la dawa alisisitiza ninunue dawa mseto, nilikataa. Kifua kikuu na matatizo ya tezi ya shingo pia vilichunguzwa, havikuonekana. Aliyenisaidia kuelewa ni muuguzi mmoja, aliyenieleza kwamba homoni ya estrojeni ikipungua, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka, hivyo ongezeko dogo tu la joto huufanya mwili upanue mishipa ya damu ya ngozi na kutoa jasho, kana kwamba umezidiwa na joto kweli.

Kinachonitatiza ni tiba. Muuguzi huyo alisema dawa za homoni ndizo zinazotuliza hali hii vizuri zaidi, lakini baada ya kumzaa mtoto wangu wa mwisho damu iliganda katika mshipa wa mguu wangu, na vidonge vya homoni vinaweza kuongeza hatari hiyo. Nilipomweleza mhudumu mwingine, alinijibu kwamba huu ni uzee, nivumilie. Jibu hilo siwezi kulipokea, kwa sababu mwalimu asiyelala hawezi kufundisha watoto kusoma ipasavyo.

Nimepunguza pilipili na chai ya moto jioni, navaa nguo nyepesi za pamba, na nalala na kitambaa chenye maji karibu. Nafuu ipo, ila ni ndogo. Kulala nje ya chandarua sithubutu, kwani mbu wa hapa hawana huruma. Wifi yangu ameniletea mizizi ya kuchemsha, lakini natumia dawa za shinikizo la damu, na sitaki kuchanganya nisichokijua.

Jambo linaloniumiza kuliko yote ni mume wangu. Ni mstaafu wa reli, mtu mpole, lakini ninapojifunua na kusogea mbali naye usiku, anadhani nimemchoka. Nimejaribu kumweleza, nikaona aibu ikinifunga mdomo, maana mambo haya hatukuzoea kuyazungumza na wanaume.

Nakuomba unishauri. Je, homoni inayopitia kwenye ngozi kwa kibandiko ni salama zaidi kwa mtu aliyewahi kuganda damu, au nayo niiepuke kabisa? Nimesikia kwamba dawa zisizo za homoni, kama venlafaksini inayotumika kutibu sonona na gabapentini ya maumivu ya neva, hupunguza joto hili. Je, zinaweza kutumika pamoja na dawa zangu za shinikizo la damu, na niombe vipimo gani kabla ya kuzianza? Na je, ni sahihi niende kliniki pamoja na mume wangu, ili maelezo ayasikie kwa mtaalamu badala ya kwangu?

Wako msomaji,
Mwalimu wa Ujiji, Kigoma