Kabla ya kuleta miche, hesabuni visiki

Mhariri,

Kila mvua zikikaribia gazeti lako huandika habari za kampeni za kupanda miti, nami huzisoma zote. Safari hii naomba nafasi niieleze miti ambayo haikupandwa na mtu.

Mimi ni mfugaji na mkulima wa Kishapu, mkoani Shinyanga. Marehemu baba alituachia ngitili ya ekari 6. Kwa wasioijua, ngitili ni malisho ambayo sisi Wasukuma huyafunga masika nzima, kisha tukayafungua kiangazi kinapokaza na majani kwingine kuisha. Ekari hizo zilikuwa shamba la pamba lililochoka. Mwaka 1999 mzee aliacha kulilima, akawakatazia wachungaji, basi.

Masika ya kwanza iliota mbigili tupu na magugu ya shambani. Watu walimwambia anapoteza ardhi. Mwaka wa tatu nyasi za kudumu zikaanza kuyabana yale magugu, na katikati ya nyasi tukaona visiki vimechipua. Jembe lilikuwa limekata shina miaka yote hiyo, lakini mizizi chini ilikuwa hai. Kisiki kimoja kilitoa machipukizi 10, hata 15. Mzee alipita na panga, akabakiza mawili au matatu yaliyonyooka, mengine akatufungia kuni. Chipukizi lenye mizizi ya zamani halina haja ya kumwagiliwa, kwa sababu linanywa maji ambayo mche wa kitaluni hauwezi kuyafikia.

Migunga ililetwa na mbuzi. Wanakula maganda yake, mbegu zinatoka na kinyesi zikiwa tayari kuota. Mgunga ukishasimama, mizizi yake inaurutubisha udongo na ndege wanapata pa kutua. Ndege hao ndio waliotuletea mikole, maana ilianza kuota chini ya migunga, si uwandani.

Mwaka wa nane hivi ngitili ilikuwa kichaka cha miba ambacho hata ndama alipita kwa shida. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kusema pori limeharibika. Naomba hili lieleweke: ile miba ni hatua. Ndani yake ndiko mche mdogo wa mkwaju unakojificha usiliwe na mifugo. Baadaye miti mirefu huitia kivuli mifupi, mingine hufa, na chini kunaanza kupitika. Ni kweli majani ya malisho hupungua pale matawi yanapofungana. Ndiyo maana mzee alikuwa akipogolea kila mwaka, na sisi tunaendelea.

Sisemi pori la zamani limerudi. Wazee walisimulia pori lililofyekwa enzi za mkoloni ili kuwaondoa mbung'o, kisha pamba ikaja, kisha miaka ya sabini watu wakahamishiwa vijijini na ngitili nyingi zikakosa mwenyewe. Kilichorudi kwetu ni migunga zaidi kuliko kitu kingine. Mipingo tunayo 4, na baada ya miaka yote hii hakuna uliozidi unene wa mkono wangu. Mpingo hauharakishwi.

Mkoa wetu ulishajifunza jambo hili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 ulihangaika na miche, halafu ukaona heri uwarudishe watu kwenye ngitili zao. Wakati huo ngitili zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Walinzi walikuwa wanakijiji wenyewe, kwa sheria za dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu, ulinzi wa jadi wa kijiji.

Sasa nije kwenye kinachoniumiza. Mwaka jana taasisi moja ilifika kijiji jirani, ikaikuta ngitili ya kijiji ikiwa katika hatua ile ya miba, ikaiita eneo lililoharibika. Wakafyeka, wakapanda mijohoro kwa mistari, picha zikapigwa. Kufikia Agosti mijohoro mingi ilikuwa imekauka. Upande waliofyeka kwa panga, migunga imeshachipua tena hadi magotini. Upande wa mashariki walipitisha trekta likang'oa visiki, na huko hadi leo ni udongo mtupu, mvua imeshaanza kuchimba mfereji.

Wiki iliyopita wamekuja tena kupima upande wa magharibi. Nilikwenda na mwanangu tukavihesabu visiki vilivyo hai huko: 214, bila kuhesabu vile vya ndani kabisa tulivyoshindwa kuvifikia kwa miba. Ninawaomba wahusika, kupitia gazeti lako, waje tuvihesabu pamoja kabla ya kuleta lile trekta.

Mfugaji, Kishapu