Usimfufue Mtoto Yule

Iringa, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi hapa nyumbani hatujambo, mvua zimeanza vizuri na mama yako tangu juzi anashinda shambani, mchana hakamatiki. Kurasa za riwaya yako ulizotuma nimezisoma zote, nyingine kwa sauti ili naye asikie akiwa jikoni.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama uingie kwenye shindano la Genesis, lile la chama cha waandishi wa riwaya za Kikristo huko Marekani, ACFW. Ingia. Ni shindano la watu ambao riwaya zao hazijachapishwa, kwa hiyo ni lako kabisa. Tuzo kama Christy na Carol zinawasubiri wenye vitabu vilivyokwisha kutoka, na wakati wake utafika. La pili ulilichomeka mwishoni kana kwamba ni dogo: kwamba kwa kuwa waamuzi ni Wakristo, unafikiria kubadilisha kisa ili yule mtoto anayefia wodini apone. Hilo ndilo lililonifanya nikae niandike barua badala ya kukujibu kwa ujumbe wa simu.

Usimfufue mtoto yule, mama.

Nikuambie nilichokisoma. Mwanamke yuko kwenye korido ya wodi na kopo la uji uliokwisha kupoa. Anaomba kwa maneno ya pambio kwa sababu maneno yake mwenyewe yamemwishia. Mlango unafunguka, muuguzi anatoka, na kabla hajasema lolote anaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kurudi ndani. Mama anaziangalia zile glavu na anajua. Nimefundisha fasihi maisha yangu yote ya kazi, na nakuambia kwamba sentensi hiyo haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hajasimama wodini usiku. Hiyo ni yako. Sasa unataka muuguzi yuleyule atoke akicheka na kusema homa imeshuka, kwa kuwa unaogopa mtu fulani atadhani huna imani?

Fungua Biblia yako. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na hakuna aliyeiongezea ubeti wa shangwe. Kitabu cha Yona kinakwisha kwa swali, nabii bado amenuna. Na Ayubu je? Rafiki zake watatu walimtetea Mungu kwa hotuba nzuri kwelikweli, zimepangika, hazina kasoro ya mafundisho. Mwishoni Bwana anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, kwa maana hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Ayubu, aliyelalamika sura baada ya sura! Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi sana, na kila mara inanishtua. Mungu hakuhitaji kutetewa kwa maneno yasiyo ya kweli.

Kule Japani alikuwepo Shūsaku Endō, Mkatoliki aliyebatizwa akiwa mtoto. Mwaka 1966 alitoa riwaya kuhusu padre Mreno wa karne ya 17, wakati Wakristo wa Japani wakiteswa. Padre anaikanyaga sanamu ya Kristo ili wakulima wanaoning'inizwa shimoni waachiliwe. Waumini wenzake wengi hawakuipenda, wengine waliona ameidhalilisha imani. Mwaka huohuo riwaya ilipata Tuzo ya Tanizaki, mojawapo ya tuzo kubwa za fasihi nchini mwake, tuzo ambayo haikuwa ya Wakristo. Lakini sikukumbushi hayo kwa ajili ya tuzo. Nakukumbusha kwa sababu mpaka leo watu wanaokaribia kuacha kusali wanakiazima kitabu kile, wanakirudisha kimechakaa. Kitabu chenye mtoto aliyepona kwa ajili ya kuwaridhisha waamuzi hakina kazi hiyo.

Sisemi uandike kukata tamaa. Mwishoni, yule mama anarudi kanisani na kusimama mlangoni, haingii, anasikiliza kwaya, mzee wa kanisa anasogea kwenye benchi kumwachia nafasi. Basi. Hapo tumaini lipo, tena lina uzito. Ila ukurasa unaofuata umeanza kutueleza maana yake, aya nzima ya mahubiri, na mistari mitatu ya Maandiko juu yake. Futa yote. Mahubiri tunayo kila Jumapili, na mchungaji wetu anayatoa vizuri kuliko msimulizi wako.

Sasa taratibu za shindano. Wanasoma kurasa 15 za mwanzo tu na muhtasari wa ukurasa mmoja. Riwaya yako inaanza na historia ya wamisionari wa Berlin, jinsi walivyofika kijiji cha Pommern huku Iringa, nani alijenga kanisa, matofali yalitoka wapi. Naipenda historia hiyo, wewe unajua, lakini inamla msomaji kurasa sita kabla hajamwona mtu anayehitaji kumhurumia. Anza na korido. Anza na uji. Wamisionari wataingia baadaye kwa mdomo wa bibi, pale anaposimulia msibani. Na katika muhtasari usifiche mwisho. Mwamuzi anataka kujua kama safari yote inafika mahali, si kushtukizwa.

Waamuzi hawaoni jina lako. Hakikisha halipo juu ya kurasa, wala kwenye jina la faili. Jambo hilo mimi nalipenda sana, kwa sababu hutapewa alama kwa huruma ya kuwa mgeni kutoka Afrika, wala hutanyimwa kwa sababu hiyo. Alama zao watakurudishia pamoja na maoni. Mmoja anaweza kukusifia, mwingine akakuangusha kwa ukurasa uleule. Usijibizane nao moyoni. Tafuta mahali ambapo wawili wamekwama pamoja, ujue hapo pana tatizo kweli. Wanaofika fainali husomwa na wahariri na mawakala wa vitabu, na hilo kwa mwandishi mchanga lina faida kuliko cheti.

Kabla hujatuma, mpe mtu asome. Si yule mama wa usharika wenu Saint Paul aliyewahi kuja huku kwa ziara ya Bega kwa Bega, ule ushirikiano wa makanisa ya huko na dayosisi yetu ya Iringa. Yeye amekalia mkeka chini ya turubai la msiba, anajua kwa nini wanawake wanalala nyumba ya wafiwa na wanaume wanaota moto nje. Mpe ambaye hajawahi kuvuka bahari. Atakapouliza "kwa nini watu hawaondoki?", ujue hapo hujamwonyesha. Usiweke maelezo chini ya ukurasa. Mwonyeshe sufuria, mwonyeshe kanga zilizotandikwa, ataelewa.

Ada ya kuingia ni jambo la kawaida katika mashindano ya huko. Jihadhari na yale mengine yanayokuja kwa barua pepe, yanakutangaza mshindi kisha yanakuomba pesa za kuchapa kitabu chako. Na popote utakapotuma, soma masharti ya haki: kazi ibaki mali yako.

Uliandika pia kwamba fasihi ya Kikristo ni mambo ya Wazungu, sisi tuna mapambio. Hapana. Mathias Mnyampala, Mgogo wa hapo Dodoma, aliitia Injili katika utenzi tangu miaka ya 60, kisha Zaburi. Mwalimu Nyerere, baada ya urais, alizitia Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika utenzi, zikachapwa Ndanda mwaka 1996. Hakuna aliyekuwa padre kati yao. Mmoja alifanya kazi mahakamani, mwingine alikuwa ameendesha nchi. Wewe una zamu za usiku. Habakuki aliambiwa, "Iandike njozi ukaifanye iwe wazi sana katika vibao, ili aisomaye apate kusoma kama maji," na hapo hakuulizwa ana cheo gani.

Sala nitakayokuombea ni kwamba uandike kweli na uwe na subira. Sitaomba ushinde, maana kuna mama mwingine mahali fulani anaomba hivyohivyo kwa ajili ya mwanawe. Usisimame usharikani kutoa ushuhuda kwamba Bwana amekuonyesha tuzo. Jina lako lisipotokea, usiseme Mungu amekukataa. Ni watu wachache wamesoma kurasa 15 jioni baada ya kazi wakatoa maoni yao.

Limebaki moja, na hili ni zito kuliko taratibu zote. Kisa hiki ni cha shangazi yako. Umebadilisha majina na hospitali, ila kopo la uji ni lile, na kila mtu wa ukoo atalitambua. Usitume kabla hujaongea naye. Mpigie simu Jumamosi, asubuhi ya huku, akiwa hajaenda gulioni. Msomee sura ya kwanza yote kwa Kiswahili, hata kama umeiandika kwa Kiingereza, umwache anyamaze kadiri anavyotaka. Akikataa, tutakaa tutafute kisa kingine. Akikubali, muulize alivaa nini siku ile, maana umeandika kitenge cha bluu na mama yako anasema hakikuwa cha bluu.

Baba yako