Mkitaka kuhamisha steji ijaribuni kwanza kwenye kompyuta, na mtuhesabu na sisi

Mhariri, salamu nyingi kutoka Likoni. Mimi ni dereva wa tuktuk, huu mwaka wa tisa sasa, na naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako manake hili jambo limenikaa kichwani tangu Jumapili.

Kijana wangu yuko chuo anasomea mambo ya kompyuta. Alikuja nyumbani na laptopu akaniita, baba hebu njoo uone. Nikakaa naye pale kwenye mkeka, kwa skrini nikaona barabara yetu ya kuteremkia feri imechorwa mistari na vidoti vya rangi vyatembea, njano ni gari, buluu ni tuktuk. Akaweka saa kumi na mbili asubuhi, akabonyeza. Vidoti vikaanza kujipanga, vikajipanga, mpaka foleni ikapanda mlima wote hadi juu. Sikusema kitu kwanza. Foleni ile naijua, ndo nashinda ndani yake kila siku ya Mungu.

Hiyo programu yaitwa SUMO, ilianzia Ujerumani mwaka 2001 kwenye DLR, taasisi yao ya utafiti wa ndege na anga za juu, na ni ya bure, yeyote anaweza kuichukua kwa intaneti. Kila chombo wakipa tabia zake, mwendo wake, nafasi kinayoacha mbele, kinatoka wapi kinaenda wapi, alafu waviachia vyote barabarani uone kitakachotokea. Hakuna aliyeandika hapa pawe na jamu, jamu yajizalia yenyewe.

Na si kwa kompyuta tu. Kuna jaribio walifanya Japani, matokeo yake yakatoka 2008, waliweka magari 22 kwenye duara la mita 230 wakawaambia madereva waende mwendo mmoja tu, hakuna taa, hakuna makutano, hakuna aliyepasukiwa na gurudumu, na bado baada ya muda magari yakaanza kusimama na ule msimamo ukawa warudi nyuma gari moja hadi nyingine kama wimbi. Nilivyosikia hivo nilifikiria vile tunavyotukanana pale feri, makanga amlaumu mtu wa tuktuk, mtu wa tuktuk amlaumu wa boda, kumbe jamu nyingine haina mwenyewe. Alafu kuna Mjerumani, Dietrich Braess, alionyesha kwa hesabu tangu 1968 kwamba kuna wakati ukiongeza barabara mpya ndo wote mnazidi kuchelewa, kwa sababu kila mtu aikimbilia hiyo hiyo. Mambo kama haya huwezi kuyakisia ukiwa umekaa ofisini na ramani.

Sasa kinachoniuma. Miaka michache nyuma tulihamishwa steji, sitamtaja aliyetoa amri. Tuliambiwa asubuhi, asubuhi hiyo hiyo tuhame, kama hatua mia mbili mbele. Kwa karatasi naamini ilionekana sawa kabisa. Lakini abiria waliendelea kutokea pale pale walipozoea, kwa hivo wazee na kina mama na mizigo yao wakawa wanakatiza katikati ya malori kutufuata. Kuna mama muuza samaki nilikuwa namuona kila siku, alipigwa kumbo akivuka, ndoo ikamponyoka, vibua vikatawanyika chini ya magurudumu na yeye amesimama kando ameshika kichwa, mtaji wote ule. Wiki tatu baadaye tukarudi steji ya zamani na hakuna aliyekuja kutuambia neno. Wangejaribu kwenye skrini kwanza, walau makosa yangefanywa na vidoti.

Lakini nataka nao wataalamu wasikie upande wa pili. Nilimuuliza kijana, meli iko wapi? Hakunielewa. Nikamwambia mwanangu, meli kubwa ikipita kuingia bandari ya Kilindini feri zasimama mpaka ipite, na hapo watu na magari yarundikana ng'ambo zote mbili, wewe hukuiweka. Na Ijumaa mchana watu wakitoka msikitini? Na jioni za Ramadhani, kila mtu ataka awe nyumbani kabla ya adhana ya magharibi? Na wanaovuka kwa miguu, ambao ndo wengi kuliko wote na hawalipi nauli, mbona hapa sioni hata kidoti kimoja chao? Akaandika yote kwa daftari. Alafu akaniuliza yeye, baba, tuktuk hukaa muda gani steji kupakia? Jumatatu nikapima na simu. Asubuhi sekunde hamsini. Mchana, tukingoja abiria wa tatu, dakika kumi na saba. Alipotia hizo namba foleni ikabadilika kabisa, ya mchana ikawa yaanzia steji kwetu wala si kule chini kwenye feri.

Nairobi walishafanya kazi ya namna hii, Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa MIT na Columbia, vyuo vya Marekani, walipanda matatu na simu zao wakarekodi njia na vituo, na 2014 ramani ya matatu ikatoka. Yani kuhesabu watu wa chini kwawezekana, simu tunazo.

Kwa hivo ombi langu kwa wanaopanga barabara za Mombasa ni hili. Katiba ya 2010 yasema wananchi tushirikishwe, na mikutano twaitwa, lakini twasomewa tu karatasi alafu twapewa soda. Leteni hiyo simulesheni ya vidoti kwenye baraza, iwasheni mbele yetu, mama wa mahamri aulize nikihamishiwa hapa wateja wangu watapita wapi, mubonyeze aone, na akisema hapo mmekosea mubadilishe namba papo hapo. Na kabla ya hapo njooni muhesabu. Sisi tuko steji kuanzia saa kumi na moja alfajiri, muda wa kupakia tutawapa, na meli ikipita tutawaonyesha.

Dereva wa tuktuk,
Likoni, Mombasa