Mhariri, huyo Roger Taylor ni yupi?

Ndugu Mhariri, salamu. Nawaandikia huku nacheka ila kiukweli nimekereka. Juzi nimebishana na jamaa yangu karibu saa zima kuhusu Roger Taylor, mimi namwambia yule alikua fundi wa tenisi bwana, alimtoa Rod Laver pale Wimbledon 1970 na Laver ndo alikua bingwa mtetezi, yeye ananitazama kama nimechanganyikiwa, ananiambia we vipi, Roger Taylor ni mpiga dramu wa Queen. Mdogo wake akadakia, hapana, ni wa Duran Duran! Kumbe wote watatu tuko sahihi. Ni watu watatu, wote Waingereza, na hao wawili wa muziki wote kazi yao dramu. Tena kwenye Live Aid, lile tamasha la muziki la 13 Julai 1985, wote walipanda jukwaani siku hiyohiyo, wa Queen yuko Wembley mwenzie yuko Philadelphia, kwahiyo mwandishi akituandikia tu "Roger Taylor akiwa Live Aid" hajadanganya lakini hajatuambia kitu pia.

Na ubishi wote ule chanzo chake picha ya gazeti (sio lenu, nisiwasingizie) iliyokua na jina tupu chini yake, basi.

Najua mtasema mkiongeza jina la timu inatosha. Wapi! Kombe la Dunia 1986 kule Mexico, England walienda na Gary Stevens wawili kikosi kimoja, mmoja wa Everton mmoja wa Tottenham, na kana kwamba haitoshi wakamchukua na Trevor Steven wa Everton. Hapo ukiandika "Stevens wa England" umemsaidia nani?

Brazil ndo usiseme kabisa. Mwaka 1994 Ronaldo yule wa mabao alikua kijana wa miaka 17, akakuta kikosini kuna beki naye Ronaldo, ikabidi beki aitwe Ronaldão, yaani Ronaldo mkubwa, na dogo akawa Ronaldinho. Olimpiki ya Atlanta 1996 akakutana na Ronaldo mwingine tena, Ronaldo Guiaro, mgongoni jezi yake ikaandikwa Ronaldinho. Afu baadae kidogo akaja yule Ronaldinho tunaemjua wote, mwenye meno na chenga zake, na jina halisi nae ni Ronaldo! Kwahiyo mtu akiwaletea picha ya 1996 ya Ronaldinho msimkatalie haraka, na hapo hata sijamgusa Cristiano ambaye wadogo zetu ukisema Ronaldo tu wanajua ni yeye, yule Mbrazil wa Kombe la Dunia 2002 aliyefunga mabao 8 hawana habari nae.

Wengine walikimbia mapema. Mwanamuziki David Bowie alizaliwa David Jones, akabadili kwa sababu Davy Jones wa bendi ya Monkees alishaanza kujulikana, mimi naona aliona mbali sana. Neil Young hakubadili mtu, mwaka 1969 mmoja anaifungia Manchester City goli pekee la fainali ya FA dhidi ya Leicester, mwingine, Mkanada, mwezi wa nane anapiga gitaa kwenye tamasha la Woodstock. Hapo angalau huwezi kuchanganya, labda uwe umelala.

Ombi langu ni dogo tu Mhariri. Jina likitajwa mara ya kwanza wekeni na kazi yake na mwaka, "mcheza tenisi, Wimbledon 1970", maneno manne hayo hayali nafasi, hata chini ya picha yanaenea. Na msiogope kuandika kwamba sio yule mwingine, sisi wasomaji hatukasiriki.

Na kama kwenye stoo yenu ya picha yupo huyo wa raketi itoeni siku moja tafadhali, jamaa yangu mpaka leo anasema nilimtunga.

Msomaji wenu