Mzee anataka mionzi tu, operesheni hataki kusikia

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Moshi hapa, naomba ushauri maana nyumbani tumegawanyika na muda unaenda.

Mzee wetu ni fundi seremala, maisha yake yote ni mninga na mkongo, anapiga randa na msasa bila kuziba pua. Tundu moja la pua likaziba likagoma kuachia, mara damu, zahanati wakawa wanampa antibayotiki tu mpaka shavu likavimba na meno ya juu yakaanza kucheza ndo akafikishwa kwa daktari wa masikio pua na koo, wakakata kinyama kidogo cha kupima, majibu yakaja kansa, aina yake adenokasinoma, yaani inayoanzia kwenye tezi. Daktari aliposikia kazi ya mzee wala hakushangaa, alisema hiyo inawapata sana mafundi wa mbao ngumu, na vumbi la mbao lilishatajwa rasmi kuwa linasababisha kansa tangu 1995. (Mafundi mnaosoma hapa, vaeni barakoa jamani.)

Wameshauri operesheni kwanza, afu mionzi kama wiki sita, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mzee kagoma. Kisa ni mama mmoja wa jumuiya yetu, naye alikuwa na kansa humohumo puani, akaenda Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar, akapigwa kemo (dawa za kansa) na mionzi, kisu hakikumgusa, uvimbe ukayeyuka na leo anauza ndizi zake Mbuyuni kama kawa. Basi baba mdogo kashikilia hapohapo, pua ni pua, mionzi ni mionzi, kwa nini kaka yake akatwe uso?

Sasa ya yule mama ilikuwa limfoma, kansa ya chembe za kinga ya mwili, na limfoma inasikia mionzi haraka. Ya mzee haisikii hivyo, ukiipiga mionzi peke yake inaweza kusinyaa mkafurahi afu ikarudi palepale, ndo maana wanataka kisu kitangulie, mionzi imalizie mabaki. Daktari alinieleza hata nyingine zina tabia zake, melanoma ya puani (kansa ya chembe za rangi) mionzi inaweza kuituliza pale ilipo lakini ikaja kuibukia kwenye mapafu au ini, na kuna adenoidi sistiki, kansa nyingine ya tezi, inatembea polepole kufuata mishipa ya fahamu, mtu anakaa miaka mingi mzima ndo inarudi, kwa hiyo hao wanafuatiliwa muda mrefu mno. Na huwezi kusema basi mzee aongezewe dozi, jicho na mshipa wake viko hapo jirani, juu ubongo.

Nimemweleza baba mdogo yote haya, ananiambia mimi sio daktari. Kweli sio.

Mzee mwenyewe kinachomtisha ni kaakaa, maana kipande kitatolewa, anasema atakulaje, ataongeaje mbele za watu. Wanasema kuna kaakaa la bandia la kuzibia. Aliyelivaa au anayemjua aliyelivaa anieleze ukweli, chakula hakitokei puani? Na je, tuombe kile kinyama kikasomwe tena hospitali nyingine ili baba mdogo aridhike, au ndo tunazidi kuchelewa? Afu mliouguza mtu Dar wiki zote hizo za mionzi bila ndugu wa kufikia, mlikaa wapi?