YAH: Picha za kurasa zetu za Kiswahili, na dharau ya fundi wenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salamu. Naandika kwa heshima, japo imebaki kidogo sana. Mkataba mnao na tiketi zetu mnazo, sina haja ya kuwaeleza upya, ila hiyo tiketi ya fildi ya picha, yaani sehemu ya kuwekea picha kwenye kurasa, mliyoifunga mkaandika "imetatuliwa" HAIJATATULIWA.

Fundi wenu alituambia kwenye kikao cha mtandaoni, mbele ya wafadhili wetu, "Mama, siku hizi nani hajui Kiingereza, hizo za Kiswahili ziacheni tu." Akazima maiki.

Na kosa lenyewe ni lenu. Mlipowasha tafsiri kwenye fildi ya picha, picha zetu zote za zamani zilikuwa kwenye databezi na tagi ya "und", yaani lugha haijatajwa, saiti ikawa inatafuta "sw" ya Kiswahili au "en" ya Kiingereza, haioni kitu, inaacha pengo, na mafaili yapo palepale kwenye seva. Kazi ilikuwa kuchukua bakapu, kuangalia kila ukurasa asili yake ni lugha gani, kuipa picha tagi hiyo kwenye jedwali la data na lile la matoleo ya nyuma, kisha kusafisha kashe, yaani nakala za muda za kurasa, basi. Nyie mkazigeuza zote kuwa "en" kwa mkupuo. Mhariri wenu akakuta maelezo ya picha kwa Kiswahili chini ya tagi ya Kiingereza, akayafuta, akaandika ya kwake. Tulipolalamika mkaruhusu ukurasa wa Kiswahili uazime picha ya Kiingereza, na maelezo yake yakaja hivyohivyo.

Sisi ni saiti ya afya ya mama na mtoto jamani. Ule ukurasa wa mtoto anayeharisha una picha ya kuchanganya maji, lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai sita, chumvi nusu kijiko cha chai, na vipimo vyote vilikuwa kwenye maelezo ya picha ili asiyeona asomewe na simu. Sasa ukurasa unajitambulisha kuwa wa Kiswahili, sauti ya Kiswahili inasoma maneno ya Kiingereza, haieleweki hata kidogo. Mtu akikosea chumvi hapo anamuumiza mtoto!

Mwenzetu asiyeona ndiye aliyekuwa anawaonyesha hilo kwenye kile kikao. Ameshika simu yake karibu na kompyuta ili msikie, inasoma ile takataka, na kabla haijamaliza fundi wenu akamkatiza, "nani hajui Kiingereza", na kuna mtu upande wenu alicheka, tumemsikia wote, halafu maiki ikazimwa na yeye bado ameinua simu. Hakuna aliyeomba radhi mpaka leo.

Na ni nyie mliotuambia tusihame Drupal 7, mfumo unaoendesha saiti yetu, wakati huduma yake ilishafungwa rasmi tangu tarehe 5 Januari 2025, mkaendelea kupokea hela ya matengenezo.

Nilitaka tu mrudishe bakapu ya kabla ya mabadiliko na mpange tagi upya. Sasa haitoshi. Nataka barua ya kumwomba radhi mwenzetu, imtaje yeye, sio "wateja wetu wapendwa". Nataka hela ya matengenezo irudi. Na nataka databezi nzima, nywila za seva na umiliki wa domeni yetu, tunahama.

Nawapa siku saba za kazi. Zikipita nakwenda Tume ya Ushindani na rekodi ya kikao chote, tunayo, na mwanasheria wetu ameshafungua Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Msinipigie simu, jibuni kwa maandishi.

Mratibu wa tovuti,
Morogoro