Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: taa tumezima, bili iko palepale

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Matangazo ya kubana matumizi ya nishati majumbani

Sisi ni mafundi wa umeme na wa majiko ya gesi. Kila bei ya nishati inapopanda, wizara hurudia matangazo yaleyale: zima taa usiyoitumia, chomoa chaja ya simu. Si uongo, ila ni kumtuma mwananchi aokote punje huku gunia linavuja nyuma yake.

Hesabu yenyewe ni hii. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana na ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Ikiwaka saa 5 kila siku kwa siku 30, inakula uniti 1.35 (uniti moja ni kilowati-saa moja, kWh). Hita ya kuogea ya papo kwa papo, ya wati 4,500, inamaliza uniti hizohizo kwa dakika 18. Watu wawili wakioga dakika 9 kila mmoja, umeme wa taa hiyo wa mwezi mzima umekwisha kabla hawajavaa. Chaja iliyobaki ukutani bila simu hata haifai kutajwa hapa.

Kinachokula ni kupasha moto. Lita moja ya maji, kutoka nyuzi 20 hadi 100, inataka takribani uniti 0.093, na hakuna birika wala jiko la ajabu litakaloshusha kiasi hicho. Kinachoshuka ni maji yanayochemshwa bila kazi na joto linalopotea njiani. Anayejaza birika lita moja na nusu ili anywe kikombe cha mililita 250 analipia vikombe sita. Mwambieni hilo kwanza, taa zifuate.

Kwa hita ya tangi, thamostati, yaani kidhibiti cha joto la maji, ikae nyuzi 60. Chini ya hapo, maji yanayokaa vuguvugu huzalisha bakteria wa Legionella, kwa hiyo anayeishusha hadi 45 ili aokoe umeme anajitafutia ugonjwa wa mapafu. Juu ya hapo anaongeza joto linalopotea na hatari ya kuungua. Tangi ambalo ukiligusa kwa nje lina joto linadai kuvishwa ganda la kuhifadhi joto, pamoja na bomba la maji moto linalotoka juu yake.

Kuna kosa ambalo hata mafundi wenzetu hulirudia: kwamba elementi, yaani chuma kinachopasha maji ndani ya hita, ikivaa ukoko wa chokaa inakula umeme mwingi zaidi. Elementi imezama majini, na karibu joto lake lote bado linaingia majini. Tatizo ni kwamba chini ya ukoko huo inazidi kupata moto, ganda lake linapasuka, na umeme unaanza kuvuja kwenda ardhini. Nyumba yenye kikata-umeme cha uvujaji, kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja, itazimika, na watu watalalamika kwamba kifaa hicho ni kibovu kwa sababu kinazima kila mara. Nyumba isiyo nacho itaendelea kuvuja kila hita inapowashwa, mita ikihesabu, mpaka siku bomba litakapompiga mtu shoti. Kwa hiyo, bili ikipanda ghafla bila kifaa kipya ndani, aitwe fundi apime uvujaji. Taa za sebuleni hazihusiki.

Uvujaji ulio kwenye laini za nyumba mwananchi anaweza kuushtukia mwenyewe, na ndipo tunapoona wizara ingefanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Mita nyingi za kisasa zina kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa namba, kwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda. Zima na chomoa kila kitu, friji ikiwemo, ila swichi kuu iache imewashwa. Kisha hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata. Kwenye mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo upate wati. Kwenye mita ya 1600, gawanya 2,250. Sekunde 36 kwenye mita ya 1000 ni wati 100, na wati 100 zisizokatika ni uniti 72 kwa mwezi. Ikiwa kila kitu kimechomolewa na kitaa bado kinapepesa, shusha breka moja moja hadi kitulie. Breka iliyokituliza ndiyo yenye laini inayovuja, au laini ambayo mtu mwingine amejiunganishia. (Mita nyingine huacha kitaa kikiwaka mfululizo kama hakuna matumizi. Hilo si kosa.)

Kwenye gesi, tazama rangi. Moto wa bluu uko sawa. Moto wa njano unaopaka sufuria masizi umekosa hewa, na gesi inaungua nusunusu huku ikitoa hewa ya sumu. Mara nyingi mafuta yameziba matundu ya kichwa cha jiko, au buibui amejenga ndani ya bomba la kuchanganyia hewa. Funga mtungi, acha kipoe, kisugue kwa brashi na sabuni, kikauke kabisa ndipo kirudishwe. Tundu la nozeli, kijitundu gesi inapotokea, lisichokonolewe kwa sindano ya chuma: likipanuka, gesi inazidi hewa na moto unabaki njano daima. Uvujaji kwenye mpira na regyuleta hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Chungu kikishachemka, moto upunguzwe na mfuniko ukae. Maji yakifika nyuzi 100 hayapandi tena hata moto ukirefuka, yanageuka mvuke tu. Anayetaka chakula kigumu kiive upesi atumie sufuria ya presha, ambamo maji hufika karibu nyuzi 120.

Friji haina maneno mengi: karatasi ikibanwa mlangoni na kuchomoka bila kukaza, mpira umechoka, na vumbi la mgongoni lifutwe.

Ombi letu, Mheshimiwa, ni haya. Kila risiti ya umeme ichapishwe ile namba ya imp/kWh ya mita pamoja na mistari mitatu ya jinsi ya kupima wati. Hita ya tangi isiruhusiwe kuuzwa bila ganda la kuhifadhi joto, wala kufungwa bila kikata-umeme cha uvujaji. Fundi atakayeifunga bila hicho awajibike, nasi tukiwemo. Na tangazo lijalo litaje wati na dakika.

Jumapili moja usiku, ofisi zikiwa tupu, tumeni mtu mwenye saa ya sekunde akasimame mbele ya mita ya jengo la wizara. Asome kwanza maelekezo yaliyobandikwa hapo, maana mita za majengo makubwa huwa na kizidisho chake, yaani namba ya kuzidishia jibu, kisha awaletee wati alizozikuta.

Wenu,
Mafundi wa umeme na gesi